TAMKO LA TAWI: USAFIRI WA MUSOMA, FEDHA ZAKE NA WATU WA KUZISIMAMIA

Ndugu wanachama na wananchi wote mnaopokea ujumbe huu,

Baraza la Madiwani la Manispaa yetu linaelekea mkutano wake wa mwaka, ule ambao madiwani humchagua Naibu Meya na kupanga upya wajumbe na wenyeviti wa kamati za kudumu. Siku hizi simu za madiwani hazipumziki. Kila kundi lina mtu wake, na kila mtu ana kamati anayoitaka. Wakati huohuo mazungumzo mitaani ni ya miradi: uwanja wa ndege, barabara za lami, stendi, kivuko, reli. Tawi limekaa na kuona kwamba mambo haya mawili yanazungumzwa kama vile hayahusiani, na kumbe ni jambo moja. Ujumbe huu ni mrefu kidogo. Tunaomba usomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa.

Msimamo wetu ni huu. Fedha nyingi za kujenga miundombinu zinatoka nje ya Musoma, lakini kuufanya usafiri ufanye kazi kila siku ni jukumu la hapa nyumbani, na jukumu hilo linabebwa zaidi na kamati mbili: Kamati ya Fedha na Uongozi, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Kwa hiyo madiwani wa chama chetu wasipeleke mtu kwenye kamati hizo kama zawadi ya kampeni. Wampeleke anayeweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na asiyeona aibu kuuliza mara ya pili.

*1. NANI ANALIPA NINI*

Tumeona wanachama wakimlaumu diwani kwa jambo lisilo lake, na wakimsifu kwa jambo asilolifanya. Tuweke hesabu sawa.

Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, na ile inayotoka Makutano kuja mjini, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri hadi mwaka 2017, ilipoundwa TARURA. Vyombo hivi viwili hutegemea sana Mfuko wa Barabara, ambao unatokana zaidi na tozo tunayolipa ndani ya kila lita ya mafuta, na mgawo wake ni asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo dereva wa bodaboda wa Nyasho anayejaza lita mbili asubuhi anachangia lami hata kama mtaani kwake bado ni vumbi. Ana haki kamili ya kuuliza zamu ya mtaa wake ni lini.

Kivuko cha Kinesi ni cha TEMESA. Uwanja wa ndege, uliokuwa wa changarawe na ambao uliingizwa kwenye kazi ya kuwekwa lami, ni mradi wa Serikali Kuu. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma iko kwenye mipango ya nchi kwa miaka mingi, nayo si ya halmashauri. Mradi wa TACTIC, unaojenga barabara, masoko na stendi katika miji 45 na mji wetu ukiwemo, unatokana na mkopo wa Benki ya Dunia unaosimamiwa kupitia TAMISEMI. Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote. Leseni za daladala na nauli za kikomo ni za LATRA.

Mtu atauliza, sasa baraza limebaki na nini? Limebaki na mengi. Linapendekeza vipaumbele vya barabara ambavyo TARURA huvichukua kwenye mipango yake. Linapanga mji, maana yake linaamua soko likae wapi, kituo cha daladala kikae wapi, na viwanja vipya vipimwe upande gani. Linakusanya ushuru wa stendi. Linapitisha bajeti ya mapato ya ndani. Linasimamia ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa mambo hayo hatuwezi kumsingizia mtu wa Dodoma. Yako hapa, na yanaamuliwa na watu tunaowapigia kura.

*2. NJIA BILA GARI*

Tumejifunza nchini mwetu kwamba kujenga na kusafirisha ni kazi mbili. Jijini Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni. Ikafuata awamu ya pili ya kwenda Mbagala. Barabara ikajengwa, vituo vikajengwa, kisha njia ikakaa muda mrefu ikisubiri mabasi. Zege lilikuwepo na abiria walikuwepo, wamesongamana kwenye daladala pembeni mwa barabara iliyo tupu. Kilichokosekana ni mpango wa nani ataleta mabasi, kwa mtaji gani, na lini.

Sisi watu wa Mara hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho kupata somo. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa, ambayo leo ina jina la Mwalimu Nyerere, ilikaa kwa karibu miongo minne ikiwa jengo lisilokwisha. Wapo waliozaliwa, wakasoma, wakaoa, na bado lile jengo likawa ni la mbuzi na popo. Leo inatoa huduma, na tunashukuru. Lakini swali la pili lilikuja palepale: mgonjwa wa Makoko, au mama mjamzito wa Buhare, anafikaje Kwangwa usiku, na kwa shilingi ngapi? Hospitali imefunguliwa na njia ya kuifikia imeachwa kwa bahati ya mgonjwa.

Hofu yetu kwa miradi iliyopo ni hiyohiyo. Stendi ikijengwa vizuri, nani atalipia taa zake, maji ya vyoo vyake na mlinzi wake? Barabara ikiwekwa lami, nani atazibua mtaro mvua za masika zikianza? Mkandarasi akikabidhi kazi na kuondoka, gharama za kila mwezi zinaanza siku hiyohiyo, na zinaingia kwenye daftari letu. Mradi usio na kasma ya matunzo ni deni ambalo bado halijaandikwa.

*3. HESABU YA MAMA WA MWIGOBERO*

Kuna wanaodhani usafiri wa mjini ni mambo ya starehe. Tupige hesabu ya mfano tu, kila mmoja abadilishe tarakimu kulingana na mtaa wake.

Mama anaishi kata ya pembezoni na anauza dagaa karibu na mwalo wa Mwigobero. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, nauli ya kikomo ya daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 26 za kazi ni 31,200 kwa mwezi.

Lakini daladala haifiki mtaani kwake, au inaanza wakati dagaa wameshauzwa. Anapanda bodaboda. Tuseme ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa siku 26 ni 104,000. Tofauti ni 72,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 873,600.

Fedha hiyo ni mtaji. Ni ndoo za dagaa, ni sare za shule, ni mabati. Mama huyu akija kuomba mkopo wa halmashauri, atapewa fedha kwa mkono mmoja na usafiri utaichukua kwa mkono mwingine. Na hapo hatujamweka mwanafunzi, ambaye kwenye daladala nauli yake ni shilingi 200 na kwenye bodaboda hakuna nauli ya mwanafunzi.

Kuipeleka daladala mtaani kwa mama huyu si jambo la kutoa amri moja. Kuna milango minne ya kugonga. TARURA waifanye barabara ipitike mwaka mzima. LATRA watoe leseni ya njia hiyo. Manispaa iweke vituo na sehemu ya kugeuzia. Mwenye gari aone kwamba atapata faida, au angalau hatapata hasara. Mlango mmoja ukifungwa, mingine mitatu haina kazi. Mtu pekee anayeweza kuwakutanisha hao wanne mezani na kuwadai tarehe ni diwani anayejua anachokitafuta, akiwa kwenye kamati yenye nguvu ya kuita wahusika.

*4. VIJANA WETU WA BODABODA NA BAJAJI*

Tunajua ujumbe huu utasomwa kijiweni, na kuna atakayesema tawi limewageuka vijana. Hatujawageuka. Wengi wao ni wanachama wetu, na ndio waliobeba mji huu pale ambapo hapakuwa na njia nyingine. Mgonjwa wa usiku anamjua dereva wa bodaboda kabla hajamjua diwani.

Lakini tuambiane ukweli. Kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba na kupeleka hesabu kila jioni hafaidiki na safari ndefu kama mnavyodhani. Mafuta ni yake, matairi ni yake, hatari ya barabarani ni yake. Daladala ikipita kwenye barabara kubwa, abiria wanahitaji kutoka majumbani kufika kituoni, na hizo ni safari fupi nyingi, zenye mafuta machache na hatari ndogo. Kazi haiondoki, inabadilika umbo.

Kwa sharti moja: mabadiliko hayo yapangwe pamoja nao. Vituo vya daladala vijengwe vikiwa na maegesho ya bodaboda na bajaji, yenye kivuli na yaliyotambuliwa rasmi, wasiwe wanafukuzwa leo na kutozwa kesho. Na mikopo itumike. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani igawanywe 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi nchini kuonekana, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kikipata vyombo vyake chenyewe, kile wanachompelekea tajiri kila jioni kitabaki kwao. Tunataka kamati ya fedha iulize kila robo mwaka: vikundi vingapi vimepata, kata zipi, marejesho yako wapi. Orodha ibandikwe ubaoni.

*5. KIVUKO NA NDUGU ZETU WA NG'AMBO YA GHUBA*

Musoma haiishii kwenye mipaka ya kata 16. Watu wa Kinesi na Rorya wanakuja sokoni kwetu, hospitalini kwetu, na kwenye ofisi za mkoa. Kivuko kikifanya kazi ni safari fupi ya kukatiza Ghuba ya Mara. Kikisimama, ni kuzunguka hadi daraja la Kirumi na kushuka Makutano, au kupanda mtumbwi na kumwomba Mungu upepo usibadilike.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilizama ikiwa karibu na kufika Ukara. Kilikuwa chombo cha kubeba watu takriban 100, na waliopoteza maisha walizidi 200. Ziwa ni hilihili letu. Halmashauri haimiliki kivuko, lakini gati la Mwigobero liko kwenye mji wetu, na mwenyeji hawezi kusema mgeni akizama mlangoni si shauri lake. Tunataka baraza lidai taarifa ya hali ya kivuko na ya usalama wa mitumbwi ya abiria, hata kama jibu litatoka kwa mtu mwingine.

*6. KWA NINI KAMATI*

Baraza lote hukutana kila robo mwaka. Siku ya baraza mnaona majoho na mnasikia hotuba, lakini mambo mengi yanakuwa yameshapikwa. Yamepikwa kwenye kamati. Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo huongozwa na Mstahiki Meya mwenyewe, hukutana kila mwezi. Hapo ndipo taarifa ya makusanyo inapowekwa mezani, na hapo ndipo mjumbe anaweza kuuliza kwa nini ushuru wa stendi wa mwezi huu umeshuka wakati mabasi hayajapungua.

Swali hilo linahitaji mtu aliyekwisha kusoma taarifa ya mwezi uliopita. Mjumbe anayefungua kabrasha kwa mara ya kwanza akiwa kikaoni, akatafuta ukurasa wa posho, hawezi kuliuliza. Mtaalamu akijua kwamba hakuna atakayesoma, naye ataandika chochote. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, lisiposomwa mali hupotea vilevile, tofauti ni kwamba habari itakuja baadaye kwenye taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, fedha zikiwa zimeshaliwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa madiwani wa chama chetu vigezo vinne vya mjumbe wa kamati hizi mbili:

✅ Awe amehudhuria vikao vya nyuma. Daftari la mahudhurio lipo, litazamwe.
✅ Asiwe na biashara ya ukandarasi, uzabuni au ukusanyaji ushuru na halmashauri, yeye wala jamaa yake wa karibu. Zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, lakini mfumo hauwezi kumzuia mtu kunong'oneza.
✅ Awe tayari kurudi kwenye kata yake na kueleza kilichoamuliwa, kwa tarakimu.
✅ Kata za pembezoni ziwe na sauti. Kamati ya mipango miji ikijaa watu wa kata za katikati tu, ramani ya vituo itaishia katikati.

Hatutaji jina la mtu. Anayeona vigezo hivi vimemlenga, atakuwa anajijua mwenyewe.

*7. KWA WANAOTAKA TUNYAMAZE*

Tumeambiwa mambo haya ni ya ndani, yakisemwa hadharani yanakipa chama aibu. Tunaheshimu vikao, na hoja hizi tumezipeleka kwenye vikao kwanza. Lakini bajeti ya manispaa si siri ya chama. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi kwa mujibu wa sheria, na taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Tena sisi ni watu wa Musoma. Mwalimu alizaliwa Butiama na akasoma hapa Mwisenge. Serikali yake ndiyo iliyofuta serikali za mitaa mwaka 1972, na ndiyo iliyozirudisha kwa sheria za mwaka 1982. Baadaye alikiri wazi kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kama mtu wa uzito ule aliweza kusema hivyo mbele ya dunia, diwani wetu hawezi kushindwa kujibu swali la ushuru wa stendi. Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Mwananchi asiyeruhusiwa kuuliza hajapewa madaraka yoyote, amepewa kadi tu.

*8. TUNAOMBA NINI KWENU*

Kwanza, kila balozi na kila mjumbe wa tawi aandike safari tatu ambazo watu wa eneo lake wanazifanya kwa shida: kutoka wapi, kwenda wapi, saa ngapi, kwa shilingi ngapi. Msitumie sauti ndefu, andikeni. Leteni kwa Katibu ndani ya siku 10. Tutaziunganisha ziwe karatasi moja na kumkabidhi kila diwani wetu, akasaini kwamba amepokea.

Pili, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Ulizeni barabara gani ya mtaa wenu imo kwenye mpango wa TARURA mwaka huu wa fedha, na kama haimo, nani aliamua hivyo. Ulizeni kwa adabu, na msiondoke bila jibu.

Tatu, siku ya mkutano wa baraza tujitokeze tukakae kwenye viti vya wananchi. Hatuendi kupiga makelele. Tunakwenda kusikiliza, kalamu mkononi.

Nne, madiwani wetu wakichagua vizuri tuwapongeze hadharani kama tunavyowakosoa hadharani. Kazi ya kusoma makabrasha haina picha za kupendeza, na anayeifanya anastahili kutajwa.

Lami itakuja, kidogo kidogo. Ndege zitatua. Tunataka siku hiyo ikifika, yule mama wa dagaa naye awe na namna ya kufika kazini bila kuacha faida yake yote njiani. Hilo litategemea majina yatakayoandikwa kwenye orodha ya kamati mwaka huu, na orodha hiyo bado haijafungwa.

Ujumbe huu unaruhusiwa kusambazwa kama ulivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Maswali na marekebisho ya tarakimu yaletwe ofisi ya tawi jioni baada ya kazi.



*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi
Musoma Mjini